Mjadala: Je, katuni ya Star Trek ya 1973 ihesabiwe katika historia rasmi?

Hoja ninayoileta ni hii: katuni ya Star Trek iliyorushwa na NBC ya Marekani kuanzia Septemba 1973 hadi Oktoba 1974, sehemu 22 za nusu saa, inastahili kuhesabiwa katika historia rasmi, yaani visa vinavyokubaliwa kuwa vilitokea kweli katika ulimwengu wa Star Trek, sawasawa na tamthilia ya awali ya televisheni ya 1966 hadi 1969 kuhusu safari za chombo cha anga cha Enterprise, ingawa Gene Roddenberry, mbunifu wa Star Trek, alikuja kutaka iwekwe kando mwishoni mwa miaka ya 1980.

Wanaoikataa hutanguliza uduni wa picha, na hapo sibishani nao. Kampuni ya Filmation iliichora kwa fedha kidogo, ikarudia michoro ileile, na mara nyingi uso wa mhusika umetulia tuli huku midomo peke yake ikicheza. Ufinyu huohuo ndio uliomwacha nje Walter Koenig, mwigizaji wa Chekov, mmoja wa maafisa wa chombo hicho, ingawa aliandika mojawapo ya sehemu za katuni. Lakini ubora wa mchoro ni jambo moja, na uzito wa kisa ni jingine.

Chukueni sehemu ya "Yesteryear", iliyoandikwa na D. C. Fontana. Spock, afisa wa Enterprise, anarudi utotoni mwake akiwa mtu mzima, na mbele yake yule mtoto wa miaka saba amepiga magoti kando ya mnyama wake mzee, mkubwa kama dubu, aliyejeruhiwa na mwenye sumu mwilini. Tabibu anamweleza kwamba uhai wa mnyama waweza kurefushwa, ila kwa maumivu. Mtoto anachagua afe kwa amani. Haya yalioneshwa Jumamosi asubuhi, saa ya watoto! Katika sehemu 79 za awali sikuona mahali panapoeleza vizuri zaidi jinsi Spock, mwana wa mama binadamu, alivyoufuata upande wa baba yake, mtu wa sayari ya Vulcan.

Kisha yupo Uhura, afisa mwanamke wa Enterprise, ambaye jina lake limetokana na neno letu "uhuru". Katika tamthilia ya awali hakukabidhiwa chombo hata siku moja. Kazi yake ilikuwa mawasiliano. Ni katika katuni, sehemu ya "The Lorelei Signal", ambapo wanaume wa Enterprise wanapumbazwa na mawimbi kutoka sayari moja, naye anashika uongozi na kuwatuma wanawake wenzake kumwokoa nahodha Kirk, anayezeeka kwa kasi.

Inasemwa kwamba neno la Roddenberry ndilo la mwisho. Mbona basi jina la kati la Kirk, Tiberius, lililotamkwa kwanza katika katuni hiyo, lilipokelewa hata katika filamu ya Star Trek ya 1991, na nahodha Robert April, aliyeonekana katika sehemu ya mwisho ya katuni, akaingizwa katika tamthilia mpya ya Star Trek, Strange New Worlds, mwaka 2022? Wanaopinga na watueleze ni kwa kigezo gani wanampokea April na kumkataa Uhura akiwa kwenye kiti cha nahodha.