Naomba ushauri: modemu mbili za setelaiti kwenye boksi moja zinazibana masikio

Habarini wataalamu. Tuko Kilwa Masoko, tunaunda kifaa cha mawasiliano cha mashua za uvuvi: modemu ya Iridium na ya Inmarsat (mitandao miwili tofauti ya setelaiti) ndani ya boksi moja, betri ya volti 12, na programu ya kuchagua mtandao unaoshika vizuri.

Shida ni kwamba Inmarsat ikirusha, Iridium inakuwa kiziwi. Ujumbe unakwama, modemu inarudia mara tatu nne, betri inaisha bure. Chanzo nakiona: Iridium inatuma na kupokea kati ya 1616 na 1626.5 MHz, na masafa ya kurushia ya Inmarsat yanaanzia hapohapo 1626.5 hadi 1660.5. Kichujio (kifaa cha kuzuia masafa usiyoyataka) kitapita wapi hapo? Tena setelaiti za Iridium ziko kilomita 780 tu juu na zinapita mbio, kwa hiyo antena yake hutazama anga lote. Huwezi kuifanya impe jirani mgongo.

Nimeshatenganisha antena kutoka sentimita 60 hadi mita 1.8 (mlingoti umeishia hapo), moja juu nyingine chini, na kubadilisha kebo. Imepungua, haijaisha. Kichujio nilichofunga kilikula desibeli 2 za mawimbi ambayo tayari yalikuwa dhaifu.

Maswali mawili tu. Kuzipa zamu kwa programu, Inmarsat isirushe hadi Iridium imalize ujumbe, kunatosha bila kichujio? Na kwenye mlingoti mfupi hivi, antena ipi ikae juu?