Albino kwa wa kawaida: rangi imepotelea wapi?

Swali: Wakuu, dume albino wa mjusi ulimi-buluu akipandishwa kwa jike wa kawaida, watoto wote wanatoka na michirizi myeusi kama mama. Uzao umeharibika?

Magamba: Haujaharibika. Ualbino umejificha: hauonekani mpaka mtoto apate jeni hiyo kwa baba na kwa mama. Hao wote ni wabebaji: wana jeni hiyo kwa upande mmoja tu, haionekani. Mbebaji kwa albino, tegemea nusu albino. Mbebaji kwa mbebaji, robo. Ila robo ni wastani tu. Uzao wa watoto 8 unaweza kutoka bila albino hata mmoja, uwezekano kama 10%. Na wale wa kawaida wa uzao huo, wawili kati ya watatu ni wabebaji, lakini kwa macho huwatambui. Anayekuuzia "mbebaji wa uhakika" bila rekodi za uzazi, achana naye.

Kijani: Usikimbilie kumpandisha binti kwa baba yake. Tafuta albino wa ukoo mwingine, spishi ndogo ileile. Jike afikishe miaka 2 na awe amenenepa vizuri. Dume humng'ata shingoni, hiyo kawaida. Damu ikitoka, tenganisha. Huzaa watoto hai baada ya miezi mitatu hadi minne. Kila mtoto boksi lake, hung'atana vidole na mikia.

Magamba: Rangi ya chungwa ubavuni ni habari nyingine, hutokana na jeni nyingi, si moja. Linganisha picha za umri uleule, baada ya kujichuna ngozi; kabla yake rangi hufifia.