Nimeombwa niwe afisa wa kuunganisha chama chetu cha usalama wa boti na bunge la jimbo (Maine), kazi yenyewe ni ipi hasa?

MtuWaUkara

Wakuu habari zenu. Naishi Portland, Maine, na huu mwaka wa tatu najitolea kwenye tawi la America's Boating Club, ni kile chama cha tangu 1914 kilichokuwa kinajulikana zaidi kama United States Power Squadrons. Tunafundisha watu kuendesha boti, tunawakagulia boti bure kabla hawajashusha majini, ndo mambo yetu hayo. Sasa mwezi uliopita kiongozi wa tawi kaniita akasema mzee aliyekuwa anashughulika na bunge la jimbo kapumzika, na yeye anaona mimi nafaa sababu nina tabia ya kusoma sheria mpaka mwisho. Nikauliza kazi ni nini, nikaambiwa "fuatilia mambo ya Augusta" (makao makuu ya jimbo, bunge liko huko) basi, ndo maelezo yote.

Nataka kuikubali, na sababu nawaambia wazi. Mimi kwetu Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere inapinduka, gati linaonekana kabisa, mimi nilikuwa huku, nikakesha na simu mkononi nasomewa majina. Ile feri uwezo wake abiria 101 na waliokufa walizidi 220. Sheria ya idadi ya abiria ilikuwepo. Kwa hiyo sheria za majini kwangu si makaratasi.

Maswali yangu: natakiwa kwenda kuwashawishi wabunge? Naweza kusimama niseme chama kinataka muswada fulani upite? Na inakula muda kiasi gani, maana nafanya kazi shifti za usiku.

Nahodha_NY

Hongera ndugu yangu. Mimi niko New York, nimeifanya kazi hiyo miaka minne kwenye chama kingine cha kujitolea, si hicho chenu. Watu wengi wanadhani ni kazi ya mdomo, hapana, ni kazi ya macho na masikio. Asilimia kubwa ya muda wako ni kusoma miswada na kuwaeleza wenzako kwa lugha ya kueleweka kitabadilika nini, kinamgusa nani, kinaanza lini. Karatasi moja tu, ikizidi hapo hawasomi.

Ila usitafute neno "boti" peke yake. Mambo ya boti yanajificha, utakuta kwenye muswada wa kodi kuna ada ya usajili imepanda, kwenye muswada wa mazingira kuna mwendo umepunguzwa kwenye ziwa fulani, kwenye wa uvuvi kuna kitu kuhusu taa. Mimi nilikuwa naweka orodha kwenye daftari: namba ya muswada, nani kauleta, uko kamati gani, kikao lini. Kila Jumapili jioni naipitia, dakika arobaini zinatosha.

Jambo la pili, mjue msimamizi wa sheria za boti wa jimbo lenu. Kila jimbo lina wake na wana umoja wao wa nchi nzima, NASBLA, upo tangu 1960, na ndo unaoidhinisha kozi kama hizo mnazofundisha. Huyo mtu mpigie simu mapema kabla hujamhitaji, jitambulishe, muulize yeye anahangaika na nini mwaka huu, kuna siku atakupigia yeye.

Dada wa Bandarini

Naongezea jambo ambalo likikosewa linaleta shida kubwa. Mimi niko Coast Guard Auxiliary, kikosi cha wasaidizi wa Coast Guard (walinzi wa pwani wa Marekani), sisi tulianza 1939 na ni watu wa kujitolea pia, ila tunavaa sare na tuko chini ya Coast Guard yenyewe, kwa hiyo kwa jina la Auxiliary haturuhusiwi kabisa kushawishi mbunge yeyote. Afisa wetu wa upande huo anaongea na watendaji wa jimbo, mambo ya mafunzo na ushirikiano, anaishia hapo. Mimi nikitaka kusema na seneta wangu naenda kama raia, nguo za nyumbani, na jina la Auxiliary silitaji.

Nyie ni chama binafsi kisicho cha faida, kwenu sheria inaruhusu kusemea muswada mradi isiwe sehemu kubwa ya shughuli zenu. Lakini wagombea hapana. Usimuunge mkono mgombea kwa jina la chama, usimpinge, hata picha naye wakati wa kampeni umevaa fulana ya chama usipige. Na tukiwa kwenye maonyesho ya boti pamoja tafadhali msituletee karatasi za kusaini, mnatuweka pabaya.

MtuWaUkara

Asante dada, hilo la sare nilikuwa silijui kabisa. Ila bado sijaelewa, mimi nikiona muswada ni mzuri, wa kuokoa watu, nisubiri nini?

Nahodha_NY

Usubiri uongozi uamue, na uamuzi uandikwe. Nakwambia kwa yaliyonikuta. Mwaka wangu wa kwanza ulikuja muswada wa mafunzo ya lazima, mimi moyo ukanituma nikaandika barua pepe kwa seneta kwamba chama chetu kinaunga mkono. Msaidizi wake akaisoma mbele ya kikao. Kumbe wanachama wetu karibu nusu walikuwa wanaupinga, wazee wanaoendesha boti toka utotoni, wakaona nimewasemea bila kuwauliza, na walikuwa na haki kukasirika. Ilinichukua mwaka mzima kuaminika tena. Siku hizi naandika "kwa maoni yangu binafsi" au naambatisha azimio la kamati ya uongozi, moja kati ya hayo mawili.

Mama Sebago

Mimi niko Lewiston, ngoja nikupe ya hapa hapa Maine. Kwanza jua una milango miwili. Maziwa na mito yako chini ya idara ya Inland Fisheries and Wildlife na askari wao wa Warden Service, maji ya chumvi yako Marine Resources na Marine Patrol. Bungeni nako ni hivyo hivyo, kamati mbili tofauti, ukifuatilia moja tu yatakupita mengi. Miswada yote namba zinaanza na LD. Mwaka witiri bunge linakaa mpaka Juni, mwaka shufwa linamaliza Aprili na linachukua ya dharura zaidi, hapo kazi inapungua.

Kizuri cha Maine ni kwamba muswada unasikilizwa na wananchi kabla ya kamati kuujadili, na wanaita kwa mafungu matatu: wanaounga mkono, wanaopinga, na wasiounga wala kupinga. Hilo fungu la tatu ndo lako hasa! Chama kikiwa hakijaamua, unasimama hapo, dakika tatu, unasema sisi tunafundisha kozi, tumekagua boti kadhaa msimu huu, tulichokiona ni hiki na hiki. Wabunge wanalipenda fungu hilo kwa sababu mtu hawauzii kitu. Na kwa shifti zako unaweza kutuma maandishi kwa mtandao bila kwenda Augusta.

Halafu mwaka 2024 kulikuwa na ule mvutano wa boti zinazotengeneza mawimbi makubwa kusudi, mwisho ikawekwa zikae angalau futi 300 kutoka ufukweni na kwenye kina cha angalau futi 15. Mle ndani kulikuwa na mambo ya mmomonyoko, ndege, makelele, usalama kidogo tu. Chama cha usalama kiongee usalama, mengine waachie wenyewe.

Na kwangu mimi kazi kubwa inaanza sheria ikishapita. Tangu 1 Januari 2024 aliyezaliwa 1999 au baadaye hawezi kuendesha boti ya injini inayozidi hosipawa 25 kwa starehe bila kozi. Vijana wetu wa Kikongo na Kirundi hapa wangapi wanajua? Wazazi wangapi wanajua mtoto wa miaka 10 au chini yake lazima avae jaketi la kuokolea? Mwezi wa tano jua linawaka, maji ya Ziwa Sebago bado ni baridi ya kukata pumzi. Takwimu za Coast Guard za 2023 nchi nzima walikufa 564, na katika waliozama ambao habari zao zinajulikana asilimia 87 hawakuwa wamevaa jaketi.

MtuWaUkara

Nimekubali nafasi, nimemwandikia kiongozi sasa hivi. Nimemwomba mambo mawili, azimio la maandishi kabla sijasemea muswada wowote na jina la msimamizi wa boti nimpigie wiki hii. Mama Sebago, hilo la kozi nalitafsiri kwa Kiswahili kurasa mbili, utanisaidia kusoma kama watu wa Bukavu na Bujumbura wanaelewa maneno yangu?

Mama Sebago

Lete hata leo. Na uandike "gilet" pembeni ya jaketi la kuokolea, wengi wetu ndo neno tunalolijua, la Kifaransa.