Mrejesho: zile riwaya tatu mlizonipa

Wakuu, niliomba riwaya za kunirudisha kwenye kusoma, mkanipa tatu. Nimezimaliza mbili.

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi imenikesha. Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa Bwana Raza anayeweza kumzaa, nilimshangilia alipomkimbia. Denge, yule mpigania uhuru wa humo, na siasa zake kuna mahali alinichosha, nisiwadanganye.

Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi ndiyo iliyonitesa. Zakaria anampiga binti yake kwa barua ya mvulana tu! Nilifunga kitabu, nikazunguka chumbani kwanza. Mwisho wake Kezilahabi kaufanya mkatili mno, bado sijamsamehe.

Nagona, ya huyohuyo, ni kijitabu chembamba lakini kimenishinda. Nimerudia kurasa za mwanzo mara tatu. Aliyeipendekeza, njoo unieleze.