Naomba ushauri: Slim wa Of Mice and Men nimchambueje?

Habari zenu wadau. Naandika insha kuhusu Slim, mwendesha nyumbu katika riwaya fupi ya John Steinbeck, Of Mice and Men (1937), na nimekwama.

Huyu jamaa si bosi wa mtu. Analala bweni moja na vibarua wenzake wa ranchi, ila akifungua mdomo wengine wananyamaza. Candy, kibarua mzee, anapobanwa mbwa wake mzee apigwe risasi, anamtazama Slim amtetee. Slim anasema heri mbwa auawe, na mjadala unaishia hapo. Baadaye Lennie, kibarua mwenye nguvu nyingi ila akili pungufu, anamponda mkono Curley, na ni Slim anayempangia Curley cha kusema: mkono umenaswa na mashine. Curley, mtoto wa bosi, anakubali!

Kinachonisumbua ni kwamba heshima yote hiyo haibadilishi chochote. Anaingia chumbani kwa Crooks, mtunza zizi, jambo ambalo wenzake hawafanyi, lakini Crooks anabaki kutengwa kule zizini kwa sababu ni mweusi. Hata watoto wa mbwa wa Slim, kati ya tisa, wanne aliwazamisha mwenyewe. Mimi naona ni mwema anayewasaidia watu kuuzoea ukatili, si kuupinga. Mwenzangu anasema namwonea tu.

Je, hoja hii inasimama, au nabaki na ile ya kawaida ya kiongozi mwenye busara? Na maneno ya Slim mwishoni kwa George, rafiki wa Lennie aliyempiga Lennie risasi, kwamba George hakuwa na jinsi, mnayasoma kama faraja au hukumu?