Naomba ushauri: kukaza bolti za flenji zenye gasketi ya kuzuia umeme

Asalaam aleikum mafundi wenzangu. Niko Malindi, tunaunga bomba la inchi 6 la maji ya bahari: upande mmoja chuma cha kawaida, wa pili stenlesi. Kwa maji ya chumvi, vyuma hivi vikigusana umeme hupita kati yake na kile cha kawaida kitaliwa haraka, ndiyo maana tumeletewa gasketi ya kuzuia umeme, na kila bolti ina mrija wa kuivika na washa, vyote vya plastiki.

Bolti za flenji (sahani mbili zinazounganisha bomba) ni 8. Nitakaza kwa kuvukana, asilimia 30, 60 kisha 100 ya nguvu inayotakiwa, halafu nizunguke mara moja. Linaloninyima raha ni vijana kutaka kurefusha spana kwa kipande cha bomba. Nguvu ikizidi, mrija ukapasuka ndani, hauonekani, bolti itagusa flenji na kinga imekwisha! Grisi ya shaba nimeikataa, inapitisha umeme.

Waliowahi kufunga hizi: washa za plastiki mlizikinga vipi zisipondeke, washa ya chuma juu yake yatosha? Na mlikaza tena kesho yake? Nitapima kila bolti kwa mita ya fundi umeme, nione kama inagusana na flenji, kabla ya kujaza maji. Naomba majibu kabla hatujaanza, tafadhali.