Anamtoza MAITI faini, halafu mnamwita hakimu wa wananchi?

Wakuu, nimesoma bandiko la asubuhi linalomsifia yule mzee wa baa ya Langtry, Texas, eti "hakimu wa wananchi", nikashindwa hata kumaliza chai. Roy Bean, mnamjua wote. Hakimu wa wananchi gani anampekua marehemu, anamkuta na bastola na dola 40, anamtoza faini ya dola 40 kwa kuficha silaha? Maiti, jamani! Asiyeweza hata kukata rufaa!

Na wananchi wala hawakumchagua mwanzoni. Agosti 1882 makamishna wa Kaunti ya Pecos walimteua tu kuwa hakimu wa amani, yaani hakimu wa kesi ndogondogo, kwa sababu mahakama ilikuwa Fort Stockton, karibu maili 200, na kusindikiza wahalifu wa kambi za reli kote huko kulikuwa adhabu kwa askari. Katiba ya Texas ya 1876 ilisema wazi: kaunti igawanywe kata zisizopungua 4 wala kuzidi 8, kila kata ichague hakimu wa amani mmoja na konstebo mmoja (askari wake wa kupeleka samansi), muhula miaka 2. Faini isizidi dola 200. Kufungisha ndoa, sawa. Talaka ni ya mahakama ya juu, lakini yeye alivunja ndoa kama anavunja karanga. Juri, yaani raia wa kuamua kesi, la watu 6 aliliokota kwenye viti vya baa yake, na kesi ikisimama sharti wanunue kinywaji. Faini ni mali ya umma, kwake zikaishia mfukoni. Zikiwemo 40 za MAITI.

Alishinda uchaguzi 1884, akabwagwa 1886, makamishna wakamkatia kata mpya wakamrudisha. Alipobwagwa tena 1896 aligoma kukabidhi muhuri na kitabu cha sheria. Kisa cha maiti kingetosha kumfukuza siku ileile!

Mama Daftari: Mkuu, huyo marehemu umemtaja kuliko ndugu zake walivyomlilia. Na hujaeleza kwa nini alikuwa mikononi mwa hakimu. Texas hakimu wa amani ndiye pia anayechunguza vifo. Kazi yake ni kukagua mwili, kuhoji mashahidi, kuandika chanzo cha kifo, na mali itunzwe kwa ajili ya warithi. Kosa liko hapo: aligeuza uchunguzi wa kifo kuwa kesi ya jinai, na mshtakiwa hawezi kujibu shtaka.

Kijiti: Mleta uzi tulia, unywe maji. Kisa chenyewe kimesimuliwa kwenye kila kaunta ya baa, chumvi imezidi mchuzi.

Mpeleka Samansi: Kila siku hakimu, hakimu! Konstebo je? Enzi hizo hakuwa na mshahara, alikula ada: kila samansi aliyofikisha, kila maili aliyopanda farasi. Mdai ndiye aliyechagua apeleke kesi kwa hakimu yupi, kwa hiyo hakimu asiyempa mdai ushindi alikosa wateja, na konstebo wake alilala njaa. Uchaguzi usingeponya hilo hata mngepiga kura kila wiki.

Mama Daftari: Kweli kabisa. Ilibidi mpaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani iseme haifai. Meya mmoja wa Ohio alihukumu kesi ya pombe ambayo ingemtilia mfukoni dola 12 akimtia mtu hatiani, na sifuri akimwachia.

Binti Wyoming: Mnalilia muhuri wa Langtry, mmesahau South Pass City, Wyoming? Februari 1870 Esther Hobart Morris anateuliwa hakimu wa amani, mwanamke wa kwanza, na aliyemtangulia anagoma kumpa daftari la kesi. Akafungua jipya, akafanya kazi. Muhula ulipoisha vyama havikumpa hata nafasi ya kugombea. Hiyo ndiyo inaniuma mimi.

Kijiti: Bora hao. Kansas, Machi 30, 1855, wenye haki ya kupiga kura walihesabiwa 2,905, kura zikapigwa 6,307! Watu wamevuka kutoka Missouri na silaha zao. Bunge lililozaliwa hapo likajipa mamlaka ya kuteua viongozi wa kaunti.

Mleta uzi: Naongelea maiti, mnanipeleka Kansas??

Mpeleka Samansi: Kijiti, Kansas fungua uzi wake. Ila Ohio tangu katiba ya 1802 kila kitongoji kilichagua mahakimu wake wa amani kwa miaka 3. Kwa nini Illinois ilisubiri mpaka miaka ya 1820? Hilo nani atanijibu?

Binti Wyoming: Na Virginia mpaka 1851. Anza na hao.